Mguu wa Bi Zuleha

Mwaka ambao kila fundi wa maana pale Kigoma alikuwa amechukuliwa kutengeneza malori ya wakimbizi, ndio mwaka ambao gari la Bi Zuleha lilianza kukimbia lenyewe.

Halikuwa gari la mbio. Marehemu mumewe, Mzee Luqman, alilinunua mwaka sabini na moja kwa daktari wa misheni aliyekuwa akirudi kwao, na hata siku hiyo halikuwa jipya. Rangi yake ilikuwa ya chai iliyotiwa maziwa mengi, na watu wa Ujiji wakaliita hivyo hivyo, Chai ya Maziwa. Lilikuwa limebeba maharusi, limekimbiza wazazi hospitali, na kwa miaka ishirini na sita lilikuwa limepeleka mawese ya Mzee Luqman katika kila duka la maana kutoka ziwani hadi milimani. Mtu akilisikia linakuja alijua ni nani anayekuja bila kuinua kichwa.

Mzee Luqman alipofariki, wanaume wa ukoo walikaa kikao wakaamua gari litafutiwe dereva. Bi Zuleha, ambaye wakati ule alikuwa bado mwalimu mkuu, aliwasikiliza mpaka mwisho kama alivyozoea kuwasikiliza walimu wake, kisha akauliza swali moja tu.

"Huyo dereva, mimi nikipanda, nitakaa naye wapi?"

Wakatazamana. Akikaa mbele, watu watasema ana mwanaume. Akikaa nyuma, watasema amejifanya mke wa mkuu wa wilaya wa enzi za Mwingereza. Kikao kikavunjika bila jibu, na Bi Zuleha, akiwa na miaka hamsini na miwili, akaenda kujifunza kuendesha. Alifaulu mtihani mara ya kwanza. Inasemekana mtahini ndiye aliyeomba radhi, kwa kuwa swali moja kuhusu alama za barabarani alikuwa amelikosea yeye.

Tangu siku hiyo hakuvuka maili ishirini kwa saa. Aliendesha akiwa ameinyoosha shingo, ushungi umefungwa vizuri, na kila aliyemsalimia alimjibu kwa ukamilifu, na kama mtu alikuwa na mgonjwa, alisimamisha gari kuuliza hali. Wauza samaki wa baiskeli walimpita wakimwamkia, wakauza, wakarudi, wakamwamkia tena. Mwendo wake ulikuwa sehemu ya heshima yake, na heshima yake ilikuwa ya nyumba nzima: ya marehemu, ya binti yake Ummy aliyekuwa muuguzi, na ya mawese.

Maana mawese ya kwa Luqman hayakuwa mawese ya kawaida. Mzee Luqman alikuwa na imani nayo ambayo mkewe, pamoja na elimu yake yote, aliirithi bila kuihoji. Mtoto akikohoa, kijiko cha mawese. Bawaba ya mlango ikilia, mawese. Kufuli likikaza, kidole kikiungua, cherehani kikigoma, mawese. "Haya mafuta hayajashindwa na kitu," alikuwa akisema, na kweli hapakuwa na mtu aliyethubutu kumtajia kilichoyashinda.

Ndiyo maana mwezi wa sita, baridi ilipoingia na pedeli ya mafuta ikaanza kukaza na kulia kama paka aliyekanyagwa, Bi Zuleha hakwenda kwa fundi. Alichukua kikombe cha mawese yaliyopashwa moto na unyoya mrefu wa kuku, akafunga mlango wa uani, akapiga magoti, akaingiza kichwa chini ya usukani, na akaunywesha ule waya unaotoka kwenye pedeli mpaka ukashiba. Kilio kikanyamaza. Akanawa mikono, akapanga ushungi, na hakumwambia mtu. Ni nani anayekwenda kutangaza kwamba mwalimu mkuu mstaafu alionekana akiwa amejikunja kwa namna ile?

Alhamisi iliyofuata, baada ya swala ya alfajiri, alipakia madumu yake kama kawaida kuyapeleka Kalinzi, kwenye duka la mkulima mmoja wa kahawa aitwaye Anatoli. Alipofika mbele ya msikiti palikuwa na dimbwi. Akakanyaga mafuta kidogo ili alivuke. Gari likanguruma, likavuka dimbwi, na likaendelea kunguruma. Bi Zuleha aliondoa mguu. Gari halikujali. Shehe Abdulatif, aliyekuwa akitoka msikitini na waumini wawili, aliliona likija, akasema "Ahlan, Mwalim—" na sentensi iliyobaki aliimalizia akiwa ndani ya mtaro. Bi Zuleha alipita Ujiji nzima hivyo, akiitikia salamu za watu ambao alikwisha kuwaacha nyuma, na alipokaribia soko la Mwanga akapata akili ya kuzima swichi. Likasimama mbele ya mafundi cherehani, ambao wote waliinuka.

Aliliacha hapo, akaenda kukaa kwa rafiki yake mpaka mchana. Mchana akaliwasha. Lilikuwa pole kama kondoo.

Fundi pekee aliyebaki Mwanga aliitwa Telesphory. Hakuwa mtu mbaya, ila mashirika ya wakimbizi yalikuwa yamemwacha, na mwenyewe alijua kwa nini. Bi Zuleha alimpelekea gari saa nane mchana, kwa sababu asubuhi pale gereji hukaa wanaume wengi wanaosubiri vibarua, na mjane hapiti hapo. Telesphory akalijaribu, akaona zima. Akabadilisha plagi. Asubuhi Bi Zuleha alipokuwa akienda msibani Bangwe likapandisha wazimu tena. Likarudishwa, saa nane. Telesphory akasafisha kabureta, akabadilisha chujio la mafuta, akalizungusha soko zima, likaenda kama maji ya mtungi. Alhamisi likamkimbiza mbuzi wa watu mpaka akapanda ukuta. Mara ya tatu, saa nane ile ile, jua kali, Telesphory alilikanyagia mafuta likiwa limesimama, akaachia, akakanyaga, akaachia. Kisha akafuta mikono kwa tambara na kuangalia pembeni.

"Mwalimu, usikasirike."

"Sijakasirika. Sema."

"Gari halina ugonjwa."

"Kwa hiyo linakimbizwa na nani?"

"Labda..." Telesphory akaangalia viatu vya Bi Zuleha. "Labda ni mguu."

"Mguu?"

"Umri, Mwalimu. Mguu unakanyaga, kichwa hakina habari. Bibi yangu naye alikuwa—"

"Mguu huu," alisema Bi Zuleha, "ulisimama mbele ya darasa miaka thelathini na mmoja bila kuomba kiti." Na akaondoka.

Lakini neno lilikwisha kutoka, na pale gereji walikuwepo watu wanne. Kabla ya alasiri lilikuwa limefika Ujiji, likiwa limenenepa njiani. Kwa wauza dagaa ilikuwa mguu wa Bi Zuleha umepooza. Kwa mafundi cherehani ilikuwa mguu mzima kabisa, ila una haraka. Haraka ya kwenda wapi kila Alhamisi alfajiri? Kalinzi. Kalinzi kuna nani? Kuna Anatoli, mwenye kahawa, aliyefiwa na mke. Basi! Miaka sita ya ujane wa mfano ikaisha kwa hesabu ya watu wawili waliokaa kwenye benchi.

Jambo hili lingeweza kumezwa, kama si posa. Ummy alikuwa ameposwa na Saidi, karani wa bandarini, kijana mtulivu wa ukoo wa Ujiji kabisa. Kilichobaki kilikuwa jibu la shangazi yake Saidi, Bi Mwanvua, mwanamke mnene mwenye macho madogo ambaye katika ukoo ule harusi haikupita bila yeye kutikisa kichwa juu na chini. Alikuja Ijumaa jioni, akanywa chai, akala kitumbua kimoja, akakisifu kiasi cha kukisifu.

"Mwenzangu," alisema hatimaye, "mimi si mtu wa maneno ya barabarani."

"Najua," alisema Bi Zuleha, ambaye alijua kinyume chake.

"Ila yakinifikia nayasikia. Wanasema siku hizi unawahi sana Kalinzi."

"Napeleka mawese, kama alivyokuwa akipeleka marehemu."

"Na mawese nayo." Bi Mwanvua akashusha kikombe. "Wanasema tangu mzee afe yanachanganywa. Mawese halisi baridi ikipiga yanaganda, hata mtoto anajua. Wanasema ya kwenu siku hizi hayagandi."

Ummy, aliyekuwa mlangoni na birika, alimwona mama yake akigeuka rangi. Gari lilikuwa la chuma. Mguu ulikuwa wa mtu mmoja. Lakini mawese yalikuwa jina.

"Bi Mwanvua," alisema Bi Zuleha polepole, "unataka kujua nini?"

"Sitaki kuambiwa, nataka kuona. Mtoto hufuata nyumba aliyotoka. Mama akiwa na mguu mwepesi, mimi nitamwambia nini kaka yangu? Alhamisi nina safari ya Kalinzi kumwona mdogo wangu. Nipakie. Nikishuka salama, na nikimwona huyo Anatoli kwa macho yangu, nitasema ndiyo. Nisiposhuka salama, sitasema kitu."

Kuahirisha kungekuwa kukiri. "Karibu Alhamisi," alisema Bi Zuleha.

Ummy ndiye aliyemtaja Gahungu. Alikuwa fundi wa mashine za kusaga unga, anayekaa Katubuka, aliyevuka ziwa mwaka sabini na mbili na mfuko wa spana na mke wake Spesiosa. Miaka ishirini na mitano baadaye, akiwa amezika wazazi na kuzaa watoto pale pale, majirani walikuwa bado wanamwita yule mkimbizi. Mashirika hayakumwajiri kwa kuwa yalitaka vyeti, na vyeti vyake vilibaki ng'ambo. Bi Zuleha alisita. Gari la Mzee Luqman kwenda kufunguliwa na mkimbizi, watu wangesema nyumba imeishiwa. Lakini watu walikuwa wanasema tayari. Jumapili mchana akaenda.

Alimkuta Gahungu kwenye kigoda, na Spesiosa pembeni akipukuchua maharage. Gahungu alikuwa mwembamba, mvi zimeanza, na sauti ndogo sana. Hakuligusa gari. Alimwomba Bi Zuleha aketi, akafumba macho.

"Linaanza saa ngapi, Mwalimu?"

"Linaanza nini?"

"Wazimu."

"Asubuhi. Mara zote tatu asubuhi."

"Na mchana?"

"Mchana halina neno."

Gahungu akainamisha kichwa, macho bado yamefumbwa. "Mzee Gahungu, umelala?"

"Nasikiliza."

"Gari limezimwa!"

"Nakusikiliza wewe. Likianza, linamisi? Linakohoa, linakata?"

"Halikohoi. Linanguruma vizuri sana. Linanguruma kupita nilivyoliomba."

"Ego," alisema Gahungu, ndiyo ya kwao. "Halikosi mafuta, basi. Linayo, ila haliyaachi. Fundi wa Mwanga alilipima saa ngapi?"

"Saa nane."

"Zote?"

"Zote."

"Na nani mwingine ameligusa? Mwezi huu, mwezi uliopita. Aliyefungua kitu, aliyepaka kitu?"

Bi Zuleha, aliyezoea kuuliza na si kuulizwa, alihisi joto shingoni. "Hakuna," alisema. Na kwa maoni yake hakusema uongo. Kuligusa ni kuligusa. Alichofanya yeye kilikuwa matunzo.

Gahungu akafumbua macho. "Gari lina homa ya asubuhi. Mgonjwa wa homa ya asubuhi hapimwi saa nane, utamkuta anacheza bao. Nitakuja kwako kesho alfajiri."

"Kwangu? Mwanaume? Alfajiri?"

"Basi liache hapa lilale. Mimi nitaamka nalo."

Bi Zuleha akasimama. "Chai ya Maziwa ilale Katubuka? Mji mzima unaijua! Watu wapite asubuhi waikute nyumbani kwa mwanaume?"

"Yoo!" Spesiosa akaacha maharage. "Mwalimu, hili ni gari au ni mwali?"

Hapo ndipo shauri lilipokwama, na lingebaki limekwama, kwa sababu ugonjwa ulikuwa wa alfajiri na heshima nayo ilikuwa ya alfajiri. Spesiosa ndiye aliyelikwamua. Alhamisi Mwalimu si anapanda Kalinzi? Yeye anataka mbegu za maharage huko huko. Wapakiwe wote wawili, yeye na mumewe, kiti cha nyuma. Mke na mume waliobanana na kikapu, nani atakuwa na la kusema? Bi Zuleha akalichambua wazo hilo kama anavyosahihisha insha, na hakupata pa kutia wino mwekundu.

Alhamisi kulikuwa na ukungu mpaka ziwani. Bi Mwanvua alitoka kwake amejifunga kanga mbili juu ya buibui, akaangalia kiti cha nyuma.

"Na hawa?"

"Abiria," alisema Bi Zuleha.

"Wakimbizi?"

"Wa zamani, mama," alisema Gahungu kwa adabu. "Wa sabini na mbili."

Wakaondoka. Ujiji lilikwenda vizuri, kwa sababu Bi Zuleha alilikanyaga kama mtu anayekanyaga yai. Mbele ya msikiti Shehe Abdulatif alionekana amesimama tayari ng'ambo kabisa ya mtaro, mikono nyuma. Mwanga wakapita salama. Bi Mwanvua akaanza kulegea, akasifu viti. Wakaacha lami, wakaanza kupanda. Baridi ikaongezeka, migomba ikawa inachuruzika umande, na barabara ikainuka mbele yao kama ukuta. Hapo hapakuwa na ujanja. Bi Zuleha akasema bismillahi kimoyomoyo na kukanyaga mafuta sawasawa.

Gari likanguruma. Akaachia. Likanguruma zaidi.

Mbele yao yalikuwa yanapanda malori matatu ya mahindi ya wakimbizi, yakijikokota kwa gia ya kwanza. Chai ya Maziwa ikalipita la kwanza. Ikalipita la pili. Makuli waliokaa juu ya magunia wakasimama kushangilia, mmoja akavua kofia.

"Bi Zuleha!" alipiga kelele Bi Mwanvua. "Mguu! Ondoa mguu!"

"Nimeuondoa!"

"Hujauondoa! Mama yangu! Uondoe!"

Hapo Bi Zuleha alifanya jambo ambalo katika maisha yake yote hakuwahi kulifikiria. Aliuinua mguu wake wa kulia, mguu wenyewe uliosemwa kutoka Mwanga hadi Bangwe, na soksi yake nyeupe na kiatu chake cheusi, akauweka juu ya kiti kati yake na mgeni.

"Huu hapa! Uangalie! Na mwenzake, huu!" Ukapanda na wa kushoto. "Iko mingine?"

Wakalipita lori la tatu, miguu yote miwili ya dereva ikiwa kwenye kiti. Bi Mwanvua aliitazama, akatazama pedeli iliyokuwa imejilaza chini peke yake, haijakanyagwa na mtu, na mdomo wake ukabaki wazi.

"Nimeona," alisema Gahungu nyuma, kwa sauti yake ndogo. "Zima sasa, Mwalimu."

Akazima, akashusha miguu, akakanyaga breki. Gari likasimama ukingoni mwa shamba la kahawa. Malori matatu yakawafikia, yakapita taratibu, yakipiga honi za heshima.

Gahungu akashuka. Akainama chini ya usukani, akaisukuma pedeli kwa mkono; ikashuka, ikabaki huko. Akaivuta ikapanda shingo upande, kama mtu aliyeamshwa kwa nguvu. Kisha akafungua boneti, akaufungua ule waya unaotoka kwenye pedeli kwenda kwenye kabureta, akaanza kuuvuta kutoka kwenye ala yake. Ukatoka pole pole, umevaa kitu kinene cha rangi ya chungwa, kigumu kama nta. Gahungu akakichukua kwa kucha, akakinusa. Akampa mkewe. Spesiosa akakinusa, akakionja ncha ya ulimi.

"Mawese," alisema. Akaonja tena. "Mawese mazuri."

"Ndiyo homa yenyewe," alisema Gahungu. "Asubuhi yameganda, waya unanaswa: ukikanyaga hauachii. Saa nane jua limeyayeyusha, fundi anaona gari zima. Hakukosea sana yule. Alikosea saa tu."

"Hakukosea?" Bi Mwanvua alikuwa ameshapata sauti yake, na alihitaji mtu wa kuitolea. "Mshenzi yule! Kupaka gari la mtu mafuta ya kupikia! Halafu akasingizia mguu wa mtu mzima! Bi Zuleha, huyu Telesphory tukirudi tunakwenda naye kwa mwenyekiti wa mtaa. Mimi shahidi. Gereji ifungwe!"

Jibu lilikuwa limetolewa tayari, limepakuliwa sahanini. Bi Zuleha hakuhitaji hata kusema uongo; ilitosha anyamaze. Telesphory alimtukana mbele ya wanaume wanne. Hakuna mtu katika wilaya nzima ambaye angemwamini yeye dhidi ya Mwalimu. Na upande wa pili kulikuwa na unyoya wa kuku.

Akasimama pale kwenye ukungu, akiwa ameshika pochi kwa mikono miwili. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa amesimamisha madarasa mazima juani, kioo kimevunjika, akisubiri mkono mmoja unyooke. Alijua sura ya mtoto anayetumaini kwamba mwenzake ataadhibiwa. Alihisi sura hiyo ikija usoni mwake, na hakuipenda.

Akaachia pochi, akanyoosha mkono juu.

"Nini?" alisema Bi Mwanvua.

"Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Niliyapaka mimi. Mwezi wa sita. Kwa unyoya wa kuku."

Spesiosa akatazama upande wa kahawa kwa bidii. Gahungu akaangalia waya.

"Wewe," alisema Bi Mwanvua. "Uliyesoma. Ulikuwa unafundisha somo gani?"

"Sayansi," alisema Bi Zuleha. "Na Hisabati."

Kwanza Bi Mwanvua alitikisika mabega. Kisha kanga ya juu ikadondoka. Kisha akatafuta jiwe, akalikalia, akacheka mpaka machozi yakamtoka, akilitaja neno "unyoya" kila alipopata pumzi. Bi Zuleha alisimama wima akingoja amalize, kama mtu anayengoja mvua, akijua kwamba posa imekwenda na jina limekwenda, na kwamba walau vimekwenda kwa ukweli.

"Ngoja," alisema Bi Mwanvua ghafla, akajifuta macho. "Ngoja kwanza. Mawese gani hayo?"

"Ya kwetu. Mimi nitumie mawese ya nani?"

"Ya kwenu ya siku hizi? Yaliyotengenezwa mzee akiwa hayupo?"

"Ya mwaka huu. Nilisimamia mwenyewe."

Bi Mwanvua akainuka kwenye jiwe, akamnyang'anya Gahungu waya. Akaufinya kwa vidole viwili. Akakuna kwa ukucha, akakiona kijipande kikikatika kama sabuni. Akakiponda, akakiangalia kwenye mwanga, akakinusa kwa pua moja, halafu kwa nyingine.

"Yameganda," alisema.

"Yameganda," alikubali Gahungu. "Kuyatoa lazima moto au mafuta ya taa. Mimi natengeneza mashine miaka mingi, sijaona mawese kuganda hivi."

"Kwa hiyo hayajachanganywa na kitu!" Bi Mwanvua aliugeuza waya huku na huku kama ushahidi wa mahakamani. "Yamekimbiza gari zima! Waongo wale! Waongo wakubwa!" Na ilikuwa wazi kwamba alikuwa amewapata watu wapya wa kuwapeleka kwa mwenyekiti wa mtaa.

Spesiosa alikwenda nyumba ya karibu kuomba mafuta ya taa kutoka kwenye koroboi. Gahungu akauosha waya, akaisukutua ala yake, akapaka oili kidogo aliyoichota kwa kijiti cha kupimia oili ya injini, akafunga. Pedeli ikashuka na kupanda kama mtoto anayeruka kamba. Walipofika Kalinzi, Bi Mwanvua alionyeshwa Anatoli: mzee wa miaka themanini, hana jino hata moja, kiziwi, ambaye aliyapokea madumu akidhani Bi Zuleha ni mtoto wa Mzee Luqman.

"Huyu ndiye mwanaume mwenyewe?" aliuliza Bi Mwanvua kwa sauti kubwa.

"Nzuri, nzuri," alijibu Anatoli. "Na wewe je?"

Safari ya kurudi ilikwenda maili ishirini kwa saa. Bi Mwanvua alivumilia mpaka Mwandiga, wakipitwa na baiskeli.

"Mkwe," alisema mwishowe, na neno hilo Bi Zuleha alilisikia vizuri sana ila hakugeuza shingo. "Hivi huwezi kukanyaga hata kidogo?"

"Hapana," alisema Bi Zuleha.

Harusi ilifanyika mwezi wa Mfungo Mosi, Ramadhani ilipokwisha. Gahungu na Spesiosa walikaa jamvi la mbele pamoja na wazee wa ukoo, na mtu mmoja alipouliza wale ni kina nani, Bi Zuleha alimjibu kwamba ni watu wa nyumba hii, na mtu huyo hakuuliza tena. Bi harusi alikwenda na Chai ya Maziwa. Njiani wanawake waliimba kuhusu unyoya, kwa sababu Bi Mwanvua hakuwa mtu wa kunyamaza, na mama wa bi harusi aliendesha akiwa ameinyoosha shingo, akijifanya hasikii maneno.

Lakini kabla ya hayo, siku moja tu baada ya Kalinzi, alikuwa amefanya jambo jingine. Alikwenda gereji ya Mwanga saa mbili asubuhi, saa ya wanaume. Walikuwa tisa. Wote wakasimama. Telesphory alitoka chini ya pikapu, akamwona, akatamani kurudi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Telesphory, ulisema ni mguu."

"Mwalimu, mimi yale—"

"Ulikosea. Mguu hauna kosa." Bi Zuleha akawatazama wote tisa, mmoja mmoja, mpaka alipohakikisha darasa limetulia. "Ulikuwa mkono. Wangu. Na wewe kuanzia leo magari uyapime asubuhi."

Akaingia garini, akaliwasha, akaondoka. Walimwangalia akienda kwa muda mrefu sana, maana hakuwa na haraka.